Mke Mwenza wa Kwenye Fuso

Wiki iliyopita tulimwacha Isihaka mguu ukiwa juu ya breki. Mguu uko hapohapo hadi leo, maskini, na bila shaka umekufa ganzi. Tumhurumie, tumtoe.

Mbele yake, konani, matawi mabichi yalikuwa yamepangwa katikati ya barabara. Kila dereva wa nchi hii anajua maana yake: mbele kuna mwenzako kaharibikiwa. Punguza mwendo, simama, umsaidie.

Na juu ya dashibodi, kimtambo cheusi kilikuwa kimewasha taa nyekundu.

"Dereva, usisimame," kilisema kwa sauti tamu ya kike. "Hapa si kituo kilichoidhinishwa."

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, mambo ni haya. Kampuni mbili za malori, Chilumba Mizigo ya Nachingwea na Kasi Njema ya Ruangwa, zilifunga ndoa. Keki ilikatwa. Mzee Chilumba alishika kisu upande mmoja, Bwana Fortunatus mwenye Kasi Njema akashika upande wa pili, wakatabasamu. "Sasa sisi ni familia moja," wakasema. Madereva walipewa fulana na soda, wakaambiwa wapige makofi. Wakapiga. Mtoto wa kambo haulizwi kama amempenda baba mpya.

Fulana hazijafuliwa mara mbili, sera mpya zikaingia. Utingo, hakuna tena. Nani ataweka kabari kwenye tairi gari likigoma mlimani? Hilo sera haikusema. Yawezekana kampuni imeongea na malaika. Kulala gesti, hakuna. Dereva alale kwenye usukani, ndiyo kisasa. Kusimama njiani bila kibali ni alama. Kubeba mtu, alama. Ukifikisha tatu unarudisha ufunguo, unakwenda nyumbani kumsaidia mkeo kupepeta ufuta.

Isihaka alikuwa nazo mbili. Ya kwanza aliipata Nanganga, aliposimama kuswali Adhuhuri. Ya pili aliipata kwa ajili ya tumbo, baada ya kula kwenye kantini iliyoidhinishwa na kampuni. Kwa hiyo moja ilikuwa ya kumwogopa Mungu, na nyingine ya kuiamini kampuni.

Alikuwa mtu mzima, mvi zimeshika masharubu. Kwa umri ule, kazi ambayo angepewa kwingine ni ya kufungua geti ili madereva wapite.

Kile kimtambo madereva walikipa jina la Mke Mwenza. Kazi yake kuuliza: uko wapi, mbona umesimama, uko na nani? Sauti yake ilikuwa ya Prisila, karani wa zamani wa Chilumba, binti mpole aliyerekodiwa siku moja akisoma sentensi chache. Wiki ya pili yake Prisila akapunguzwa kazini. Sauti ikabaki. Prisila yuko kwao anauza vocha, sauti yake inafanya kazi usiku na mchana na haiumwi hata kichwa. Mwajiri gani hapendi mfanyakazi wa namna hiyo?

Haya, turudi konani.

Isihaka aliyakodolea macho yale matawi. Tangu aanze kuendesha magari ya Chilumba hakuwahi kumpita mwenzake aliyekwama. "Anayempita mwenzake porini," alikuwa anasema Mzee Chilumba akimkabidhi dereva ufunguo, "asije akashangaa siku akipitwa."

Mguu ukaanza kukandamiza. Ufunguo na uende, basi.

Ndipo alipoona maua.

Yalikuwa matawi ya mkorosho. Hayakuwa makavu, wala hayakuwa ya kupogolewa. Yalikuwa mabichi, yamejaa mashada ya maua, yale ambayo Mungu akipenda yangekuwa korosho mwezi wa kumi.

"Astaghfirullah," Isihaka alinong'ona.

Huku kwetu mtu anaweza kukukatia kauli, akakukatia simu, akakukatia hata uchumba, na bado mkapatana. Mkorosho wenye maua haukatwi. Dereva wa huku akiharibikiwa huingia porini akatafuta mti usio na mwenyewe. Hata gari likiwa linawaka moto, ataipita mikorosho yote kwa adabu kwenda kutafuta kichaka. Hata mwizi wetu huiba korosho, mti akauacha na heshima zake.

Kwa hiyo aliyeyapanga yale matawi hakuwa mtu wa huku. Na mgeni anayepanga matawi konani, mahali pasipo nyumba, anataka nini?

"Majambazi!"

Isihaka aliutoa mguu kwenye breki akaukita kwenye mafuta. Fuso likanguruma na magunia yake yote ya ufuta wa Mtua. Maua yakasagika chini ya tairi.

"Hongera, dereva," alisema Mke Mwenza. "Mwendo wako unaridhisha."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusifiwa. Hakupata muda wa kufurahi. Mtu alichomoka porini, akasimama katikati ya barabara, mikono kaitanua, tai inapepea begani kama bendera ya chama.

Isihaka alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Fuso likalia, likayumba, likasimama. Kati ya bampa na kitambi cha yule mtu hapangepita hata kuku.

"Dereva, umesimama pasipo kibali," alisema Mke Mwenza. "Alama ya tatu. Taja sababu."

Isihaka aliitazama sababu yake kupitia kioo. Sababu ilikuwa inahema, imeshika kiuno, na viatu vyake vyeusi vya kung'aa vimekuwa vyekundu kwa vumbi.

Alikuwa Bwana Leonard. Meneja wa Mwendo na Nidhamu. Mtu aliyeletwa kutoka Dar kuja kuandika sera ya kutosimama.

"Wewe Isihaka! Hukuona matawi?"

"Nimeyaona, bosi."

"Mbona ulikuwa unanipita?"

"Sera, bosi."

"Sera gani? Mtu kaharibikiwa porini, jua kama hili, dereva mwenye utu anapita?"

"Bosi, utu una alama," alisema Isihaka taratibu. "Mimi nilikuwa nazo mbili. Sasa, kwa hisani yako, tatu."

Bwana Leonard alifuta jasho kwa ncha ya tai. Pikapu yake ilikuwa pembeni, boneti iko wazi, inafuka moshi kama jiko la harusi. Rejeta ilikuwa imekauka. Aliyewaandikia wenzake kurasa nzima za kukagua gari kabla ya safari hakuwa ametia maji.

"Na zile pembetatu za kung'aa?" aliuliza Isihaka. "Zile ulizosema dereva asiye nazo hafai kuitwa dereva?"

"Nimezisahau ofisini. Nikakumbuka nyinyi watu wa huku mnaweka matawi. Nikaweka." Alijisifu kidogo. "Si nimejitahidi kufuata desturi?"

Isihaka alimtazama kuanzia tai hadi viatu. Kuna watu wanafuata desturi kama ng'ombe anavyofuata mto: anakunywa, kisha anachafua.

"Fungua mlango, tuondoke."

"Abiria haruhusiwi, bosi."

"Mimi si abiria! Mimi ndiye niliyeandika hiyo sera!"

"Basi unaijua kuliko mimi."

Bwana Leonard hakungoja. Alizunguka, akapanda mwenyewe, akajitupa kwenye kiti.

"Kuna mzigo usioandikishwa kwenye kiti cha pembeni," alisema Mke Mwenza.

"Nyamaza wewe!"

"Lugha isiyo ya staha imesikika ndani ya gari. Onyo."

Isihaka alikohoa ili asicheke. "Kumbe anasikia?"

"Anasikia kila kitu," alisema Bwana Leonard, na majivuno yakamrudia kama mtu aliyerudishiwa kofia. "Leo saa saba, pale kikaoni Ruangwa, ndiyo nawaonyesha madereva wote. Nikifika naunganisha gari moja na vipaza sauti, wasikie wenyewe. Nimechagua lako liwe mfano."

"Langu? Kwa nini?"

"Una alama mbili. Nilitaka wasikie dereva mbaya anavyokuwa."

"Sasa zimekuwa tatu, bosi. Na ya tatu ni wewe."

"Hiyo naifuta. Inafutika kwenye kompyuta yangu tu, Ruangwa. Nifikishe kabla ya kikao, naifuta mbele ya macho yako."

Basi ndivyo dunia ilivyogeuka, wasomaji wangu. Kazi ya Isihaka ilikuwa imeketi kando yake, inajipepea kwa kitambulisho. Akiifikisha Ruangwa mapema anabaki dereva. Ikichelewa, amekwisha.

"Bismillahi," alisema, akawasha gari.

"Ukuuuuwi!"

Ukunga ulipasua hewa. Isihaka akazima gari kabla hajajua kwa nini. Mbele ya Fuso alikuwa amesimama mwanamke mzee, kanga kaifunga kiunoni, jembe begani, na mkononi kashika tawi la mkorosho lililosagwa na tairi. Alikuwa Bi Sabaha, mwenye shamba.

Isihaka alishuka. Bwana Leonard naye akashuka, mlango akauacha wazi, kwa haraka ya mtu anayedhani wazee hutishika kwa tai.

"Hamjambo?" alisema Bi Sabaha.

"Hatujambo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko? Mkeo Hajra hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Alhamdulillahi. Mguu wake ulipona?"

"Umepona, bibi. Zile dawa zako."

"Mungu ni mwema. Na huyu mgeni?"

"Mgeni ni bosi wangu."

"Karibu, baba." Bi Sabaha aliinua lile tawi. "Nani kaniulia mkorosho wangu?"

Bwana Leonard alicheka. "Mama, ni majani tu."

Isihaka alifumba macho kama mtu aliyeona sahani ya mgeni inaanguka.

"Majani," alisema Bi Sabaha polepole. "Wanangu wamesoma kwa hayo majani, baba. Bati lililo juu ya kichwa changu ni majani. Marehemu mume wangu kazikwa kwa sanda, nayo ilinunuliwa kwa majani. Mbolea nimeweka, dawa nimepuliza, dua nimeomba, yametoa maua. Wewe unaniambia majani tu?"

Bwana Leonard alitia mkono mfukoni.

"Utoe," alisema Bi Sabaha. "Mimi siuzi, nashitaki. Twende kwa mwenyekiti wa kijiji."

"Yuko wapi?"

"Kaenda mnada wa ufuta. Atarudi Alasiri."

"Alasiri!" Bwana Leonard aliruka. Aliitazama saa, akaitazama barabara, akamtazama Isihaka. Macho yake yakapata wazo. Watu wa namna yake wakipata wazo, wewe angalia mfuko wako.

"Mama," alisema kwa sauti ya huruma, "nilikuwa naogopa kumsema mtu mzima. Aliyekata ni huyu dereva. Mimi nimemkuta anakata."

Isihaka alimgeukia. "Bosi?"

"Kubali," Bwana Leonard alimnong'oneza kwa pembe ya mdomo. "Wewe ni wa kwao, watakusamehe. Ukikubali, alama nafuta tukifika. Zote tatu. Utaanza upya, kama mtoto."

Alama zote tatu, jamani. Neno moja tu, "ndiyo," na Isihaka anarudi kuwa dereva safi. Aliona ufunguo wake. Akamwona Hajra akipika ubwabwa wa kushukuru. Halafu akaiona barabara hii, ambayo angeipita kila juma akiwa yule mzee aliyekata mkorosho wenye maua wa mjane. Watoto wangemwonyesha kidole. Msikitini wangempisha nafasi, pana sana.

"Bibi," alisema, "wallahi sikukata mimi."

Basi. Kazi ikapaa. Unaweza kuiona inavyokwenda, juu kwa juu, na fulana yake ya kampuni.

Bi Sabaha aliweka jembe chini.

"Nionyesheni mikono," alisema.

Isihaka alinyoosha yake. Ilikuwa na grisi ya siku zote, ile isiyotoka hata kwa udhu.

Bwana Leonard aliirudisha yake nyuma. Bi Sabaha aliivuta mbele kama anavyovuta mtoto aliyeficha sukari. Viganja vilikuwa vimenata utomvu, vimeanza kuwa vyeusi. Kwenye mkono wa shati jeupe kulikuwa na madoa ambayo hakuna sabuni ya Dar itakayoyatoa. Na nyuma ya sikio, kimeshikilia kwa uaminifu, kilining'inia kishada kidogo cha maua.

"Umependeza, baba," alisema Bi Sabaha. "Kama bwana harusi."

"Mama, mimi ni kiongozi, nina kikao..."

"Una mkubwa wako?"

"Nina... ndiyo, wapo wakurugenzi."

"Wako huko kikaoni?"

"Wako."

"Basi na mimi nina kikao." Aliokota jembe, akaokota tawi, akaliendea Fuso. "Mwenyekiti wa kijiji nitamkuta jioni. Kwanza nikamwonyeshe mkubwa wako kazi ya mikono yako. Isihaka mwanangu, nishike mkono nipande."

"Bibi, kampuni imekataza abiria."

"Gari si la mizigo? Nipakie."

Akapakiwa. Bwana Leonard alijikuta katikati, magoti yamegusa kidevu, mpini wa jembe ubavuni, maua ya mkorosho puani.

"Kuna mzigo usioandikishwa," alisema Mke Mwenza. "Kuna mzigo usioandikishwa."

"Nani huyo dada?" aliuliza Bi Sabaha.

"Ni mtambo, bibi."

"Sauti anayo. Adabu hana. Hata salamu?"

Wakaenda. Fuso lilipanda, likashuka, likapita mashamba ya mbaazi. Kazi ya Isihaka ilikuwa bado kando yake, ila sasa ilikuwa imenuna.

"Bosi," alisema mwishowe, "nimekufikisha nusu ya njia. Ile alama?"

Bwana Leonard aligeuka. Jua, jembe na aibu vilikuwa vimemfikisha mahali ambapo mtu husema ukweli kwa hasira.

"Alama?" alisema. "Mzee, unadhani shida ni kusimama? Nani ana shida na wewe kusimama? Nyinyi wa Chilumba mko wengi. Mmezeeka. Mna desturi zenu, leo swala, kesho msiba, kesho kutwa mwenzenu kakwama. Bwana Fortunatus alitaka magari ya Chilumba, hakutaka madereva. Tungewafukuza, mngekimbilia serikalini. Ndiyo tukaleta mtambo. Mtambo haumfukuzi mtu. Mnajifukuza wenyewe, mmoja mmoja, kwa ibada zenu na matumbo yenu."

Isihaka alishika usukani kwa nguvu. "Na Mzee Chilumba anajua?"

"Yule? Anaamini ni mambo ya usalama. Mpaka mwaka uishe hakutakuwa na dereva wake hata mmoja barabarani, na yeye atakuwa bado anatushukuru kwa keki."

Bi Sabaha alitikisa kichwa. "Huyu baba mti anaukata, watu anawakata. Nyumbani kwenu mnabakiza nini?"

"Bibi, nyamaza. Haya ni mambo ya kampuni."

Ndipo Mke Mwenza akakohoa.

Wote watatu waligeuka kukitazama kile kimtambo. Mtambo huwa haukohoi. Kikohozi kilikuwa kizito, cha kukwama na kuanza tena, kama injini ya dizeli inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Nachingwea nzima inakijua kikohozi kile. Kimesikika misibani, harusini, na kila dereva wa Chilumba alipokuwa akikabidhiwa ufunguo.

Bwana Leonard alikuwa mwekundu kwa jua. Akageuka rangi ya unga wa muhogo.

"Kaka Isihaka," ilisema sauti ya kike, na safari hii ilikuwa inatetemeka. "Ni mimi Prisila. Mimi mwenyewe, mzima, sikurekodiwa."

"Prisila! Uko wapi, mdogo wangu?"

"Niko kikaoni Ruangwa. Waliniita asubuhi niwashe vipaza sauti, hakuna mwingine anayejua nyaya zake. Bosi haonekani, watu wamejaa, wakubwa wakasema tuanze mapema bila yeye. Karatasi yake ilisema tuunganishe gari lako. Tukaunganisha." Alivuta pumzi. "Tumewasikia tangu aliposema majani tu."

"Nani na nani?"

"Wote, kaka. Mzee Chilumba, ndiye aliyekohoa, na madereva wote, wa Chilumba na wa Kasi Njema."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kishindo cha watu, kama siku timu ya Namungo ikifunga goli nyumbani.

Bwana Leonard aliurukia mtambo ili aung'oe. Mpini wa jembe ulimfikia kwanza, vidoleni.

"Na hicho unataka kukivunja?" alisema Bi Sabaha. "Wewe mikono yako imelaaniwa?"

Isihaka alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu ile keki ikatwe, aliliona Fuso kuwa lake. Alama tatu? Na ziwe kumi! Mzee Chilumba amesikia kwa masikio yake!

Furaha ya maskini, wenzangu, msiisifie mbele za watu.

"Kaka Isihaka," alisema Prisila, na sasa alikuwa ananong'ona. "Simama."

Neno lile Mke Mwenza hakuwahi kufundishwa.

"Nisimame? Kuna nini?"

"Bwana Fortunatus katoka hapa na gari lake, hakumuaga mtu. Kabla hajatoka kapiga simu polisi. Kasema dereva wa Chilumba mwenye alama tatu kamteka meneja wake ndani ya lori, na kuna mtu ana silaha. Sisi tumesikia ukweli, lakini polisi hawakuwepo kusikia. Bwana Fortunatus mwenyewe anakuja huko. Mzee anakuomba usimame hapohapo, utungoje. Tunakuja na sisi, wote, na magari yote."

Isihaka aliitazama silaha. Ilikuwa na udongo wa shambani kwenye ncha.

Bwana Leonard alitazama mkono wake uliovimba, akamtazama mwanamke mwenye jembe, akautazama mlango aliozibiwa. Rangi ikamrudia. Akatabasamu, tabasamu kama lile la siku ya fulana na soda.

"Nisaidieni!" alianza kupiga kelele, mdomo kausogeza karibu na mtambo. "Nimetekwa! Wananipiga! Nisaidieni!"

"Mwanangu," aliuliza Bi Sabaha kwa upole, "na mimi leo nimekuwa jambazi?"

Isihaka alisimamisha gari. Hakukanyaga kwa pupa. Alilisimamisha kama alivyofundishwa, pembeni, tairi zimenyooka, akaweka breki ya mkono.

"Dereva, umesimama pasipo kibali," ilisema ile sauti iliyorekodiwa, haina habari na lolote.

Alishuka, akazunguka upande wa pili, akanyoosha mkono.

"Bibi, naomba hilo tawi."

Bi Sabaha alilitazama. Alilipangusa vumbi, akanyoosha ua moja lililopinda.

"Chukua. Limeshakufa, na lifanye kazi."

Isihaka alitembea mbele ya Fuso mpaka penye kona, akaliweka lile tawi katikati ya barabara na maua yake. Mwenzenu kaharibikiwa. Punguza mwendo. Simama. Kisha akabaki amesimama kando yake, mikono iko wazi, aonekane hana kitu. Nyuma yake Bwana Leonard alikuwa bado anaita watu wa kumwokoa.

Upande wa Ruangwa vumbi lilianza kupanda. Likawa kubwa. Huenda ni Mzee Chilumba na malori, alijiambia. Huenda ni polisi. Basi, nao ni watu, watasimama waulize.

Gari likatokeza. Halikuwa lori, wala halikuwa la polisi. Lilikuwa jeusi, la kung'aa, la Bwana Fortunatus, na kwenye usukani alikuwa yeye mwenyewe.

Aliyaona maua. Isihaka aliona kabisa kwamba ameyaona, kwa sababu walitazamana.

Gari halikupunguza mwendo.